Safu ya Saba, Kaburi la Kumi

Daftari Kuu lilikuwa mezani, limefungwa kwa kamba yake nyeupe ya pamba, na Mwenyekiti wa Chama cha Nasaba alikuwa amesimama kando yake kama mtu aliyefiwa.

"Juzi Jumanne jioni lilikuwa na kurasa mia tatu na kumi na mbili," alisema. "Jana jioni, mia tatu na kumi na moja. Ukurasa wa themanini na nane haupo. Na aliyeuchukua namjua, afande. Wewe unamjua. Hata mlango huu unamjua."

"Kwa nini ulihesabu?"

"Nahesabu kila jioni kabla ya kufunga ofisi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ipo siku ukurasa ungepotea. Kama hivi!"

Inspekta alitikisa kichwa, akakubali kwamba jibu lilikuwa na akili. Katika karatasi za kituo alikuwa na jina lake kamili na cheo chake, lakini miaka ishirini na sita ya upelelezi ilikuwa imempachika jingine: Mama Kwanini. Wezi walimwita hivyo, mahakimu walimwita hivyo kisirisiri, na wanawe wanne walianza kumwita hivyo kabla hata hawajaota meno yote. Alivaa miwani, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na meza, akaanza kulikagua daftari kwa ubavu bila kuligusa.

Chama chenyewe kilikuwa chumba kimoja nyuma ya maktaba: meza ndefu, makabati manne ya faili, birika la umeme na wanachama kumi na wanne, wengi wao wastaafu. Jumamosi walikwenda makaburini wawili wawili, mmoja akisoma maandishi ya mawe kwa sauti, mwenzake akiandika. Siku nyingine walikaa hapa na kuwachorea watu koo zao. Mtu yeyote aliyetaka kujua baba wa babu yake alikuwa nani, aliletwa kwenye meza hii, akapewa chai, akaambiwa asiiweke karibu na karatasi. Mwenyekiti, aliyekuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu, ndiye aliyetunga kanuni zote za chama, thelathini na saba kwa hesabu yake, na alizijua zote kwa moyo.

Wiki tatu zilizopita walikuwa wamefanya jambo la heri lililogeuka shubiri. Muuguzi mmoja wa zahanati na fundi cherehani mmoja walikuwa wanaoana, na chama kikaamua kuwazawadia mchoro wa koo zao mbili. Ulipokunjuliwa hapa mezani, mistari miwili ilikutana kwa mtu mmoja. Mhunzi, aliyezikwa safu ya saba, kaburi la kumi, alikuwa baba wa mama yake muuguzi. Hilo lilijulikana na lilikuwa na cheti. Lakini kwa mujibu wa ukurasa wa themanini na nane, mhunzi yuleyule alikuwa pia baba wa baba yake fundi. Wachumba walikuwa wajukuu wa babu mmoja, na katika familia zote mbili ndoa ya namna hiyo haikuzungumzika. Harusi ilikuwa imebakiza mwezi mmoja. Ikasimamishwa pale pale.

Jana Jumatano asubuhi, ofisi ilipofunguliwa tu, fundi alikuja kuomba auone huo ukurasa kwa macho yake. Akaachwa peke yake chumbani kwa dakika kumi. Leo saa nane mchana alitakiwa kituoni kujibu shtaka la wizi, na sasa ilikuwa saa nne na robo asubuhi.

"Kamba hii hufungwa na nani?" Inspekta aliuliza, bado amechuchumaa.

"Mimi mwenyewe. Kanuni ya nne. Fundo la kamba ya kiatu, ili lifunguke kirahisi tunapoongeza karatasi."

"Tangu jana umeigusa?"

"Sijaigusa. Kurasa zinafunuka bila kufungua kamba."

Inspekta alisimama, magoti yakalia, akachukua kipande cha kamba kama ile kutoka kwenye sanduku la vifaa. Kwenye kona, mbele ya kabati la tatu, mwanamke mzee mwenye kitambaa cha buluu kichwani alikuwa akipanga kadi. Alikuwa mkunga mstaafu, naye ndiye mtunza nyaraka wa chama. Tangu Inspekta aingie, kadi zilezile zilikuwa zimepangwa mara tatu.

Fundi alikuwa kwenye benchi la maktaba, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Muuguzi alikaa mwisho wa pili wa benchi hilohilo, akiwa na sare yake ya kazi. Kati yao palikuwa na nafasi ya kukaa watu wawili, na wote wawili walikuwa wakiitazama hiyo nafasi.

"Jana ulikuja na mkasi?" Inspekta alimuuliza fundi.

"Afande, mimi ni fundi. Mkasi nalala nao."

"Uliukata ukurasa?"

"Sikuukata."

"Kwa nini nikuamini?"

"Kwa sababu sikuufikia hata huo ukurasa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilifunua mpaka themanini na saba, nguvu zikaniishia. Nikajiambia, nikishaona kwa macho yangu basi, imekwisha. Nikalifunga nikatoka. Mama mkunga alinikuta mlangoni, akaniambia niende nyumbani nikapumzike, mambo yatakuwa sawa."

"Alisema yatakuwa sawa?"

"Ndiyo. Nikaona ananipoza tu."

Inspekta alimpa kile kipande cha kamba na vitabu viwili vilivyokuwa juu ya benchi. "Nifungie hivi."

Fundi akashangaa lakini akafunga. Alizungusha mara moja, akapiga fundo moja la haraka, akaung'ata mwisho wa kamba kwa meno. Mikono ya kazi haikawii.

"Asante, baba. Kaeni hapohapo." Inspekta aliangalia ile nafasi ya kukaa watu wawili. "Na msogeleane kidogo, benchi la serikali halijawakataza."

Muuguzi alitabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu la kuchoka. Hakusogea.

Aliporudi ofisini, Inspekta alivuta kiti na kukiweka karibu na kabati la tatu. Alikaa kwa utulivu wa mtu aliyekuja kusalimia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Kabla ya kustaafu ulizalisha watoto wangapi?"

"Elfu mbili mia moja na sita," alisema mkunga papo hapo. "Mapacha nimewahesabu mmoja mmoja."

"Na wote uliwafunga vitovu kwa mikono yako?"

Kadi zikatulia.

"Mimi nimejifungua mara nne," Inspekta aliendelea. "Mara zote nne nimetazama mikono ya mkunga, maana pale kitandani huna kingine cha kutazama. Anafunga fundo la kwanza, anaacha upana wa kidole, anafunga la pili, halafu anapunguza ncha. Nenda kaiangalie kamba ya daftari, Mwenyekiti. Fundi wetu anafunga moja na kung'ata. Wewe unafunga la kiatu. Hayo pale ni mafundo mawili, upana wa kidole katikati, na ncha zimekatwa."

Mwenyekiti aliinama juu ya daftari. Alipoinuka, uso ulikuwa umemsawijika.

"Dada," alisema. "Wewe?"

Mkunga hakukana. Alitoa leso, akaipenga pua yake kwa kishindo, akaikunja leso mara nne.

"Yule binti nilimpokea kwa mikono hii," alisema. "Alitoka kalala vibaya, miguu mbele, kwa muda wa saa kumi na moja nzima tunapigania roho yake na ya mama yake. Halafu nije nimwone analia kwa ajili ya karatasi? Nikasema ukurasa ukipotea, ushahidi haupo. Watu watabishana wiki mbili, watachoka, watoto wataoana. Sikujua kwamba ungemkamatisha huyu kijana. Nilikuwa nije kituoni saa nane, haki ya Mungu. Nilikuwa nimeshanyoosha gauni."

"Umeuchoma?" Mwenyekiti aliuliza.

Mkunga alimtazama kama aliyetukanwa. "Kuchoma karatasi? Mimi?"

Alikwenda kabati la nne, akafungua droo ya chini kabisa iliyoandikwa WASIOJULIKANA, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na ukurasa wa themanini na nane, mzima, haujakunjwa. Umebanwa pamoja na kikaratasi cha mwandiko safi: *Umehamishwa kutoka Daftari Kuu, Jumatano, saa tatu asubuhi.* Na saini.

"Umetia saini wizi wako mwenyewe?"

"Kanuni ya kumi na moja, Mwenyekiti. Karatasi haihami bila hati. Uliiandika wewe."

Hapo mpelelezi mwingine angefunga kesi akaenda kunywa chai. Mali imepatikana, mhusika amekiri, fundi hana kosa. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa ameshashusha pumzi na kuanza kuifungua kamba. Lakini Inspekta alikuwa ameushika ukurasa, na hakuwa mtu wa kushika karatasi bila kuisoma.

Ulikuwa umepigwa mistari kwa rula. Upande wa kushoto namba ya kaburi na yaliyoandikwa kwenye jiwe. Upande wa kulia jamaa wa marehemu. Alishuka kwa kidole mpaka kumi, akamkuta mhunzi, na mbele yake: *mtoto wa kiume mmoja, alilelewa na mjomba wake, dereva wa treni.* Baba yake fundi, bila shaka, maana fundi hakuwahi kuficha kwamba baba yake alikuzwa na dereva wa treni na hakujua zaidi ya hapo.

"Kwa nini mjane wa mhunzi hayupo hapa?" aliuliza. "Bibi yake muuguzi yu hai, nasikia anauza vitambaa mpaka leo."

"Tulidhani mlinzi wa makaburi alisahau kumwandika. Tulikuwa na cheti, hatukumhitaji."

Kidole cha Inspekta kilipanda mstari mmoja. Kikasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwenyekiti, kaburi la tisa ni la nani?"

"Sikumbuki. Mchoro ule ulihitaji mstari wa kumi tu."

"Basi nikusomee. Kushoto: *mtoto wa kiume, miaka mitatu.* Kulia: *mjane, muuza vitambaa, binti mmoja, wajukuu watatu.*"

Mkunga alisogea karibu.

"Mtoto wa miaka mitatu ana wajukuu?"

"Watatu," Inspekta alisema. "Na mjane. Nimezaa mara nne, mama, lakini watoto wangu walikawia zaidi ya huyu."

Mkunga akacheka, akaziba mdomo kwa leso, akacheka tena. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa amekaa, na jasho jembamba lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo. Inspekta akaendelea kupanda: la nane, la saba, la sita. Hapo akagonga karatasi kwa ukucha.

"La sita. Kushoto: *hakuna jiwe.* Kulia: *mke na watoto wanne.* Upande huu wa kulia uliutoa wapi?"

"Kwenye kitabu cha mlinzi. Miaka kumi na miwili iliyopita. Niliketi hapahapa nikanakili, mstari kwa mstari. Sikuruka hata mmoja, naapa."

"Nakuamini kabisa. Na kaburi lisilo na jiwe, kwa nini umelipa namba?"

"Kanuni ya pili," alisema Mwenyekiti polepole. "Kila kaburi ni mtu. Hata lisilo na jiwe lihesabiwe."

"Na mlinzi naye ana kanuni ya pili?"

Mwenyekiti alichukua kofia yake.

Makaburi yalikuwa mwendo wa dakika kumi. Walikwenda wote watano, mkunga akiwa na ukurasa ndani ya bahasha kifuani, fundi na muuguzi nyuma, hawaelewi hili wala lile maana Inspekta alikuwa amekataa kusema neno kabla ya kuhesabu. Mlinzi, mzee mwenye mabuti makubwa kuliko miguu yake, aliwaletea kitabu chake kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Safu ya saba una makaburi mangapi?" Inspekta alimuuliza.

"Kumi na matatu."

"Mwenyekiti?"

"Kumi na manne."

"Bwana mlinzi, kuna moja pale halina jiwe. Umeliandika?"

"Lile? Halina jiwe, haji mtu kulifagia. Mimi naandika wanaotembelewa, mama. Sasa pale ningemwandika nani?"

Inspekta aliingia safu ya saba kwa miguu, akahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne, tano. La sita lilikuwa tuta la udongo lenye majani mafupi. Mlinzi alikuwa amelivuka katika kitabu chake, na Mwenyekiti, aliponakili mstari kwa mstari bila kuruka hata mmoja, alilipa jamaa wa kaburi la saba. Kuanzia hapo kila maiti alibeba familia ya jirani yake. Wa saba alipewa ya wa nane, mtoto mdogo wa tisa akapewa ya mhunzi, na mhunzi akapewa ya wa kumi na moja. Wa kumi na nne hakubakiwa na mtu, na mbele ya jina lake palikuwa patupu kwa miaka kumi na miwili.

"Soma kitabu chako," alimwambia mlinzi, akasimama mbele ya jiwe la mhunzi. "Huyu nani wake?"

"Mjane anayeuza vitambaa. Binti mmoja. Wajukuu watatu. Basi."

"Hana mtoto wa kiume?"

"Angekuwa naye ningemwona miaka yote hii? Hana."

Inspekta alipiga hatua moja kulia. "Na huyu?"

"Fundi saa huyo. Alikufa kijana. Mtoto wa kiume mmoja, alichukuliwa na mjomba wake, dereva wa treni. Alikuwa akija, halafu akahama. Siku hizi haji mtu."

Fundi alisogea taratibu mpaka kwenye jiwe la kumi na moja, akapiga goti, akasoma jina la babu yake kwa ncha ya kidole, herufi moja moja. Inspekta alimgeukia muuguzi ili amweleze, lakini muuguzi hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa ameshapiga goti pembeni ya fundi, bega kwa bega, na baina yao hapakuwa na nafasi hata ya karatasi. Alikuwa akilia kwa kwikwi, na wote waliosimama pale walijua kilio kile si cha wiki tatu zilizopita.

"Fundi saa," fundi alirudia. "Na mimi siku zote nashangaa hii mikono nimeitoa wapi."

Mkunga alitoa bahasha kifuani, akaiangalia.

"Niliuficha ili niwaokoe," alisema. "Kumbe nilikuwa nimeficha dawa."

"Ndiyo maana mimi nauliza, mama," Inspekta alisema. Alitoa daftari lake dogo na kalamu, na kwa kuwa ilikuwa saa sita kasoro, aliandika akiwa amesimama: *Karatasi haikuibwa. Iliwekwa droo nyingine, kwa saini. Mlalamikaji ameridhika.* Akamwonyesha Mwenyekiti. "Umeridhika?"

"Nimeridhika, afande. Nimeaibika na nimeridhika." Alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili. "Miaka kumi na tisa nimehesabu kurasa. Sikuwahi kusoma mbili kwa pamoja."

"Utasahihisha kwa wino mwekundu. Lakini kwanza kuna mtu mmoja ambaye wino hautamtosha."

Bibi yake muuguzi aliishi nyuma ya duka lake la vitambaa. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, na kwa wiki tatu alikuwa hajamuuzia mtu hata mita moja bila kumfokea. Alikaa kwenye kiti chake katikati ya majora, akamsikiliza Mwenyekiti tangu mwanzo hadi mwisho, jiwe kwa jiwe, bila kupepesa macho. Ukutani nyuma yake palining'inia picha moja ya fremu. Ilikuwa imegeuzwa, mgongo wake wa mbao ukitazama chumba.

"Kwa hiyo hakuwa na mtoto nje," bibi alisema, Mwenyekiti alipomaliza.

"Hakuwa naye, bibi. Nakuomba radhi. Kosa ni langu, si lake."

"Una hakika? Maana hata mara ya kwanza mlikuja hapa na hakika."

Mwenyekiti akamtupia macho Inspekta.

"Mara hii tumehesabu kwa miguu, mama," Inspekta alisema. "Na mlinzi ameshuhudia. Anakujua. Anasema hukosi kuja."

Bibi aliinuka, akakataa mkono wa mjukuu wake, akaifikia picha na kuigeuza. Mwanaume mwenye aproni ya ngozi alitazama chumba kizima kwa macho ya mtu asiyependa kupigwa picha. Bibi alikifuta kioo chake kwa upindo wa kanga yake, kona zote nne, taratibu, na mabega yake yakashuka kama aliyetuliwa mzigo.

"Wiki tatu nimekutukana," aliiambia picha, "na wewe kimya tu. Kama kawaida yako. Ungesema hata neno moja!"

Akageuka. Macho yalikuwa yamelowa na hakuyaficha. Aliwatazama wote mmoja mmoja, Mwenyekiti na kofia yake, mkunga na bahasha yake, Inspekta mlangoni, mpaka akamfikia fundi aliyesimama karibu na majora, hajui kama anaruhusiwa kuketi. Bibi akasimama wima, akanyoosha mikono yake miwili pembeni, kama apimwaye.

"Wewe mjukuu wa fundi saa, unangoja nini? Lete hiyo futi. Gauni langu la harusi uanze upya, maana kwa hasira hizi nimekonda."